Ukingo wa taji la jino

Ukingo wa taji la jino ni mstari ambapo taji linakoma na jino lenyewe linaanza. Hata taji lililotengenezwa kwa ustadi halishikamani na jino moja kwa moja. Kati yao hubaki upenyo mwembamba unaojazwa saruji ya meno. Upenyo huo hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, na kipimo kinachotajwa kuliko vyote ni 120.

Kipimo hicho kinatokana na utafiti wa J. W. McLean na J. A. von Fraunhofer uliochapishwa Uingereza mwaka 1971. Walitia ndani ya taji nyenzo laini ya kuchukulia alama za meno, wakalikandamiza juu ya jino la mgonjwa, kisha wakapima unene wa utando uliobaki. Baada ya kufuatilia kazi za meno zaidi ya 1,000 kwa miaka 5, walikata shauri kwamba upenyo usiozidi mikromita 120 unakubalika. Vitabu vingi vimeinukuu namba hiyo kana kwamba ni shabaha, ilhali ni kikomo tu: taji la mikromita 115 limeponea chupuchupu. Bakteria wengi wa kinywani wana upana wa mikromita 1 hivi, na kwao huo ni mlango wazi.

Kinachowazuia ni saruji. Viwango vya kimataifa vinataka saruji za kugandishia zinazochanganywa na maji ziweze kubanwa hadi unene usiozidi mikromita 25, kwa hiyo kutarajia upenyo mdogo zaidi ya hapo pande zote za jino ni kujidanganya. Saruji ya fosfeti ya zinki huyeyuka polepole katika mate. Jaribio la maabara la mwaka 1991 halikuona tofauti ya maana ya kasi ya kuyeyuka kati ya upenyo wa mikromita 25 na 75, lakini ulipofika 150 kasi iliongezeka. Saruji ikiliwa, jino huanza kuoza chini ya taji, mahali ambapo mswaki haufiki.

Tena upenyo si kasoro pekee. Taji linaweza kugusa jino barabara na bado likawa limezidi nje ya mstari wake. Kibaraza hicho hukusanya utando wa bakteria, na ufizi huvimba na kutoka damu. Kwa sababu hiyo J. R. Holmes na wenzake walipendekeza mwaka 1989 kwamba upenyo na kuzidi huko vipimwe kwa pamoja. Tafiti zinazotoa namba moja bila kueleza imepimwa wapi hazilinganishiki.

Kasoro nyingine huzaliwa maabara. Zirkonia, kauri ya kutengenezea taji, husinyaa kwa karibu asilimia 20 hadi 25 inapochomwa, hivyo huchongwa ikiwa kubwa makusudi. Fundi naye hupaka juu ya kielelezo cha jino rangi maalumu yenye unene wa mikromita 20 hadi 40 ili kuacha nafasi ya saruji, lakini huishia kiasi cha milimita 1 kabla ya ukingo. Asipoacha nafasi hiyo, saruji hukosa pa kutokea na taji hukaa juu juu.

Kliniki, jicho husaidia kidogo. Mwaka 1966 G. J. Christensen aliwapa madaktari wazoefu kazi za dhahabu wazikague: kwenye kingo zinazoonekana walikubali upenyo wa mikromita 2 hadi 51, lakini zilizojificha chini ya ufizi walikubali 34 hadi 119. Eksirei huonyesha pande zinazotazamana na meno jirani tu. Upande wa shavu na wa ulimi hufichwa na kivuli cha taji. Hapo daktari hupitisha ncha ya chuma, kutoka kwenye taji kwenda kwenye jino na kurudi. Ikinasa, taji lirudi maabara kabla ya kugandishwa, kwa kuwa baada ya hapo mara nyingi halitoki bila kukatwa.