Moshi wa Shaba na Sheria Iliyochelewa

Sisi wa Salamabila tunajulikana kwa dhahabu ya Namoya, wala si kwa shaba. Lakini sheria ya machimbo ni moja kwa nchi nzima, na huko Katanga ndiko yaonekanapo wazi madhara yaliyotangulia sheria hiyo.

Hapo kale wafua shaba wa Katanga walifanya kazi wakati wa kiangazi tu, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani. Walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakatengeneza misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya biashara. Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Mvua zikikaribia, moto ulizimwa.

Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière iliwasha tanuru kubwa kando ya Elisabethville, yaani Lubumbashi, nazo hazikungoja kiangazi. Moshi ulikuwa na kiberiti, pamoja na vumbi la shaba, risasi, zinki na aseniki. Upepo wa huko huvuma zaidi toka kusini-mashariki; basi vumbi lilianguka kaskazini-magharibi, mwaka hata mwaka. Miti ya miombo ikafa, nyasi zikafa, mvua ikachukua udongo.

Msidhani kwamba serikali ya kikoloni haikuwa na amri za afya. Zilikuwapo, tena kali. Mtaa wa wenyeji ulitengwa na mji wa Wazungu kwa uwanja mtupu wa mamia ya mita, kusudi mbu aliyemwuma mwenyeji asifike kitandani kwa Mzungu. Mbu alipimiwa safari yake. Moshi uliachwa uende utakako. Mimi naona haya kusoma habari hiyo, maana watu wa Maniema walikuwamo kati ya wafanyakazi wa huko.

Tanuru zile zilizimwa katika miaka ya 1990. Sheria ya machimbo ya tarehe 11 Julai 2002 ilimdai kila aombaye kibali cha kuchimba aonyeshe kwanza jinsi atakavyotunza mazingira. Mwaka 2009 waganga wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wakaao karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana madini mengi katika mkojo wao, hasa kobalti. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ikaongeza jambo zito: mwenye kibali atalipa hasara iliyowapata watu, mali na mazingira kwa ajili ya kazi yake, hata kama hakufanya uzembe.

Ni neno jema. Lakini anayedai bado hana budi kuonyesha kwamba hasara imetoka machimboni. Mkulima wa Kabambare ataonyeshaje, ikiwa maji ya kijito chake hayakupimwa kabla ya mashine kufika?

Katanga wanaye shahidi mmoja, ua dogo ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Hustawi penye shaba nyingi udongoni. Wachunguzi wa mambo ya kale hulifuata ili wagundue zilipokuwa tanuru za wale wafua shaba wa zamani. Siku hizi limeota pia Lubumbashi, katika ardhi iliyopata vumbi la kiwanda.