Pori Lilipopata Mwenyewe: Ardhi ya Umma na Mawindo Kati ya Tororo na Busia

Kirewa ni gombolola la Jopadhola katika wilaya ya Tororo, upande wa Budama Magharibi. Mashamba ya mihogo, mtama na karanga yamebanana hadi kwenye mafunjo ya vinamasi, na kijana anayetoka kuwinda na mbwa wake, akibahatika, hurudi na ndezi, sungura au kwale. Wanyama wakubwa hawapo, na si Kirewa tu: ndivyo ilivyo karibu nchi nzima iliyo kati ya Mlima Elgon na Ziwa Victoria, huku Uganda na kule Kenya. Ukiuliza walikwenda wapi, jibu la haraka ni bunduki, na la pili ni wingi wa watu. Majibu hayo yana ukweli wake, ila yanaruka hatua moja iliyotangulia. Serikali iliamua kwamba pori ni mali, na tangu hapo pori likaweza kutolewa, kukodishwa na kuuzwa.

Kabla ya hapo pori lilikuwa na kazi nyingine. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini kilichotoka mwaka 1967, ameeleza kwa kirefu jinsi Jopadhola, ambao ni tawi la Waluo hao, walivyoingia nchi ya misitu mizito na kuifanya misitu hiyo ngome yao. Majirani walikuwa wengi: Wateso, Wagwe, Wanyole, Wasamia. Kati ya jamii moja na nyingine palibaki msitu au nyika ambayo hakuna aliyejenga humo, kwa sababu aliyejenga mbali na wenzake alijitafutia vita. Huko ndiko wanyama walikoishi, na huko ndiko watu walikokwenda kuwinda wakati wa kiangazi, kijiji kizima, kwa mikuki, nyavu na mbwa, kila mmoja akijua nyama itagawanywaje. Nchi hiyo haikuwa ya mtu mmoja, lakini haikuwa haina wenyewe. Tofauti hii ndogo wakoloni hawakuiona, au waliiona wakaipita.

Tusije tukadhani ilikuwa bustani ya amani. Mumias, mwendo wa siku chache kutoka hapa, palikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani waliofuata pembe za ndovu. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 na kukuta njia za wafanyabiashara wa pwani zimeshakanyagwa. Karibu miaka ishirini baadaye Mskoti W. D. M. Bell, aliyejulikana kama Karamojo Bell, aliifanya Mumias mlango wake wa kwenda Karamoja kuua tembo. Hata kabla ya Bell, ndovu wa nchi hizi walikuwa wameanza kulipia biashara, bendera ya Mwingereza ikiwa haijapandishwa.

Bendera ilileta kitu kingine. Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston alitia saini Mkataba wa Buganda. Wengi hukumbuka mkataba ule kwa maili, yaani mashamba waliyogawiwa Kabaka na machifu. Wachache hukumbuka fungu la serikali ya Uingereza: maili za mraba 9,000 zilizoandikwa kuwa ardhi ya pori isiyolimwa, na 1,500 nyingine za misitu. Isiyolimwa! Kwa neno hilo moja mahali pa kuwindia, kuchungia, kukata nyasi za kuezekea na kuchimbia dawa pakahesabiwa kuwa patupu. Mkataba haukuihusu Budama. Nchi za Bukedi, Budama ikiwamo, zilitekwa na jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu na watu wake kwa ajili ya Waingereza, na yeye mwenyewe akatengewa maili za mraba 20 huko Mbale. Lakini wazo lilisafiri. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1903 ilipokuja, mkulima wa Budama akawa anaishi juu ya ardhi ya Mfalme bila kuambiwa.

Johnston huyohuyo alikuwa mpenda wanyama. Mwaka 1901 aliutangazia ulimwengu habari za twiga wa pembe tano aliowakuta mashariki ya Elgon, katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Uganda. Alisifu makundi ya wanyama wasioogopa watu, na katika kurasa zilezile akaisifu nchi hiyo kuwa tupu na kuwafaa wazungu. Utupu wenyewe ulikuwa mpya. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wameondolewa na vita vya karne ya 19, na Wanandi walikuwa wakilisha mifugo pembezoni. Sifa zote mbili zilisikika London. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, na mwaka 1903 uwanda huo ukatajwa kuwa makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Tume yao ilikuja, ikaona, ikakataa. Mwaka 1908 walifika Makaburu wa kundi la Van Rensburg na magari yao ya ng'ombe, wakapewa mashamba.

Hapo ndipo mambo yalipoharakika. Leseni ya mgeni mwindaji katika Himaya iligharimu pauni 50, ya mlowezi pauni 10, na mwenye shamba aliruhusiwa kumuua mnyama aliyeharibu mazao au uzio wake. Punda milia na kongoni huharibu uzio kwa kupita tu. Makaburu walikausha nyama ya kongoni kwa chakula cha miezi ya mwanzo, kisha wakapanda ngano. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Uingereza waligawiwa mashamba Trans Nzoia, na hesabu ikawa ileile. Mwafrika aliyewinda kwa wavu aliitwa jangili, na mzungu aliyefyeka makundi mazima akaitwa mkulima. Ukali huo wa sheria kwa upande mmoja umeandikwa sana. Mimi naona jambo la pili ndilo zito zaidi: hata bila risasi hata moja, uzio na jembe vilitosha, kwa sababu mnyama wa uwanda huishi kwa kuhama.

Mwisho wa twiga wa Johnston unaonyesha kazi ya hati za ardhi vizuri kuliko kisa kingine ninachokijua. Kufikia miaka ya 1970, twiga hao, wanaoitwa twiga wa Rothschild, walikuwa wamebaki kama 130 tu magharibi ya Kenya, katika ranchi moja ya ekari 18,000 karibu na Soy. Waliokolewa kwa muda na bahati ya kuwa na mwenye shamba mmoja. Ranchi ilipokatwa vipande kwa ajili ya watu wasio na ardhi, twiga hawakuwa na pa kukaa. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama aliyeitwa Daisy hadi Lang'ata, Nairobi, na mwaka 1977 kundi jingine likapelekwa Ziwa Nakuru. Siwezi kuwalaumu waliopewa vile vipande. Babu zao walifukuzwa katika nchi hiyohiyo, na hakuna aliyewauliza twiga walipowekewa uzio mara ya kwanza. Huko Trans Nzoia, mwaka huohuo wa 1974, kinamasi cha Saiwa kilitangazwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini. Ni kama kilomita tatu za mraba tu, na mashamba yameizunguka kila upande.

Kwa nini Budama haikuuzwa hivyo? Haikuwa kwa ukosefu wa nia. Jaji wa Uganda, Morris Carter, aliongoza kuanzia mwaka 1911 kamati iliyotaka Waafrika watengewe eneo lao na ardhi nyingine ya Mfalme iuzwe kwa wenye mashamba makubwa. Wizara ya Makoloni haikukubali. Pamba ya mkulima mdogo ilikuwa imeanza kuilipia serikali gharama zake, na walowezi wa Uganda walikuwa wachache. Carter hakupotea. Alikwenda kuongoza tume ya ardhi ya Rhodesia Kusini mwaka 1925, kisha tume ya Kenya, iliyotoa ripoti mwaka 1934 na kuimarisha mipaka ya nyanda za wazungu. Mtu mmoja, fikra moja, nchi tatu. Kwa Kirewa, kukataliwa kwake Uganda kulimaanisha kwamba pori liliisha polepole, shamba kwa shamba, kwa jembe la mwenyeji mwenyewe na baadaye plau ya ng'ombe. Reli ilipopita Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, pamba ilipata njia ya kutokea, na nyika za kati ya jamii hazikuwa tena za kuogopewa.

Kusini, serikali ilifanya kinyume: ilitengeneza pori. Malale yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 pembezoni mwa Ziwa Victoria, na kati ya mwaka 1906 na 1909 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu wa mwambao wa Buganda, wa Busoga na wa visiwani. Vijiji vikawa vichaka, wanyama wakarudi. Sehemu ya nchi hiyo iliyoachwa baadaye ilitangazwa msitu wa hifadhi wa Busoga Kusini, kana kwamba hapakuwahi kuwa na migomba hapo. Wapenzi wa hifadhi wangefaa kukumbuka habari hii kila wanaposifu pori asilia.

Malale yalimharibia jina mnyama mmoja wa hapa, mbawala, ambaye wengine humwita pongo. Mwaka 1958 watafiti walipata kimelea cha ugonjwa huo ndani ya mbawala wa Nyanza, upande wa Kenya. Miaka michache baadaye taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki iliyokuwa Tororo ilionyesha kwamba ng'ombe naye hubeba kimelea hichohicho. Mbawala anapenda vichaka vya kando ya vijito, na mbung'o, anayeeneza malale, anavipenda vilevile. Kufyeka vichaka kukawa kazi ya afya. Huko Ankole serikali ilifika mbali zaidi, ikaajiri wawindaji kuua wanyama kwa maelfu ili ng'ombe waingie.

Baada ya uhuru sheria ziligeuka mara nyingi, na kila mara upande wa pori ukapungua. Mwaka 1975 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi yote ya Uganda ni ya umma. Kwa tangazo hilo mkulima wa kimila aliweza kuondolewa mara mtu mwingine alipopewa hati ya kukodi. Wenye vyeo walijua pa kwenda kuomba hati hizo, na wengine wengi waliingia misitu ya hifadhi kulima. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Uganda ikafuata mwaka 1979, baada ya vita vilivyojaza silaha nchini na kuwaacha askari wakila nyama za mbugani. Mwindaji wa Busia au Tororo, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na nyati wa kumwinda, sasa alikuwa na sheria mbili za kumzuia, moja kila upande wa mpaka.

Vilivyobaki ni vinamasi. Karibu na barabara ya Tororo kwenda Jinja, kinamasi cha Kibimba kiligeuzwa kuwa mashamba ya mpunga ya serikali, na katika wimbi la ubinafsishaji la miaka ya 1990 mradi ukauzwa kwa kampuni ya Tilda. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema serikali inashikilia vinamasi kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo hati za vinamasi ziliendelea kutolewa, hadi baraza la mawaziri likaamua mwaka 2014 kufuta zile zilizotolewa baada ya Katiba hiyo. Korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, huzaliana katika majani ya vinamasi hivyo. Tangu mwaka 2012 anahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Ng'ambo ya mpaka kuna Yala, kinamasi cha hekta 17,500 kinachogusa Siaya na Busia. Mafunjo yake yamewaficha nzohe, na Ziwa Kanyaboli lililomo ndani limehifadhi ngege wa asili, samaki ambaye karibu ametoweka katika ziwa kuu. Mwaka 2003 halmashauri za Siaya na Bondo, zilizokuwa wadhamini wa ardhi hiyo kwa niaba ya wenyeji, ziliikodisha kwa kampuni ya Kimarekani ya Dominion, takriban hekta 6,900 kwa miaka 25. Kampuni ilijenga tuta, ikapanda mpunga, ikagombana na majirani, ikaondoka kabla ya muda wake. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Ardhi iliigawia kampuni nyingine, Lake Agro, eneo linalokaribia kiasi hichohicho, huku wakazi wakidai kwamba ni ardhi ya jamii.

Kirewa haina kinamasi cha ukubwa huo, na hakuna kampuni iliyokuja na tingatinga. Vijito vyake huenda Malaba na Mpologoma, na kingo zake huliwa polepole na mpunga wa watu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaipa bodi ya ardhi ya wilaya mamlaka ya kugawa ardhi isiyo na mwenyewe, maneno ambayo Johnston angeyatambua. Sheria hiyohiyo inaruhusu wanajamii kuunda chama cha ardhi ya pamoja na kutenga sehemu isiyogawanywa kwa malisho, maji, kuni, asali na uwindaji. Uwindaji umetajwa humo waziwazi. Vyama vya namna hiyo vimesajiliwa hasa Karamoja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019, iliyopandisha adhabu hadi kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini, inamtaka mwindaji awe na kibali cha mamlaka hata akiwa ndani ya sehemu hiyo iliyotengwa.