Ng'ombe Kwanza

Moto ulioteketeza Kitutu mwaka 1908 uliwashwa kwa amri. Askari wa King's African Rifles walipita boma baada ya boma, wakachoma nyumba na maghala na kuswaga mifugo. Januari ya mwaka huo kijana aitwaye Otenyo alikuwa amemchoma mkuki mtawala wa wilaya, G.A.S. Northcote, ambaye watu wa huku walimwita Nyarigoti. Aliyemchochea ni jamaa yake Moraa Ng'iti, mganga na nabii, mama aliyeshawaonya vijana kuhusu wageni hawa. Northcote alipona. Miaka kadhaa baadaye akawa Gavana wa Hong Kong, maisha ndiyo hayo. Gharama ya ule mkuki ikabaki kwa watu wa nyumba za nyasi.

Tukisimuliwa hadithi hii huwa tunapelekwa mbio: mkuki, msako, kifo cha Otenyo, basi. Mimi nataka tusimame kwenye ile saa moja kabla moto haujafika kwako. Unaona moshi kilima cha pili. Unabeba nini?

Nyumba unaiacha. Ni fito, udongo na nyasi, na majirani wakishikana mikono itasimama tena. Ghala la wimbi linauma zaidi, kwa sababu ndani mna chakula cha mwaka, lakini ghala halibebeki. Jiwe la kusagia nalo ni zito, acha. Ng'ombe ana miguu yake.

Halafu ng'ombe hakuwa maziwa na nyama tu. Kwa Abagusii, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio kaka yake alioolea. Kwa hiyo kundi lililosimama pale zizini lilikuwa ndoa: moja imeshafanyika, nyingine inangoja. Ukiliacha, unamwacha kaka yako bila mke, na watoto ambao hata hawajazaliwa unawaacha pia. Ndiyo maana mifugo mingi ililazwa egesarate, kambi ya ng'ombe iliyolindwa na vijana wenye mikuki. Serikali ya kikoloni haikukawia kuzipiga marufuku kambi hizo. Iliona vizuri kwamba mahali ng'ombe walipo ndipo jeshi lilipo.

Sasa, vijana wakiwa na ng'ombe, nyumbani wamebaki nani? Akina mama, wazee, watoto. Hapa nakisia, lakini nakisia nikiwa na sababu: nadhani mama alichukua mtoto, halafu mbegu. Punje ya wimbi ni ndogo sana, na kibuyu kimoja kinatosha kuanzisha shamba. Usipokuwa na mbegu, hata ng'ombe wakirudi salama utalala njaa msimu ujao. Ripoti za msafara ule zilihesabu waliouawa na ng'ombe waliotekwa, maelfu. Hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, alishtuka na kuuliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kiasi kile. Churchill, jamani! Lakini kibuyu cha mbegu hakina safu kwenye ripoti ya jeshi.

Watu wa Manga hawakuwa wageni wa kukimbia. Karne ya 19, waliofukuzwa na mashambulizi ya Wakipsigis walipanda kwenye majabali haya, wakapokewa na Nyakundi na watu wake. Kitutu ilikua hivyo, kwa watu ambao tayari walikuwa wamechagua mara moja cha kubeba na cha kuacha. Ukisimama juu ya Manga leo unauona mji wa Kisii chini, na hewa ikiwa safi unaliona ziwa. Moshi pia ungeuona mapema.

Miaka 100 kamili baada ya Otenyo, Januari 2008, moto ulirudi Gusii, safari hii mpakani mwa Borabu na Sotik. Soko la Chepilat likaungua. Wale waliokimbia machafuko ya uchaguzi mwaka ule unawakumbuka kwenye picha: godoro kichwani, godoro juu ya matatu. Watu waliwacheka, eti nani anaokoa godoro? Mtu anayejua kwamba usiku wa leo watoto watalala mahali, huyo ndiye. Na chini ya nguo, bahasha: kitambulisho, hati ya shamba, cheti cha KCSE. (Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hiyo bahasha yangu ni nyembamba, nitakimbia haraka.)

Mwezi wa Mei serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani, ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia na 25,000 zaidi kwa aliyechomewa nyumba. Tazama kilichohesabiwa: nyumba, kile kile ambacho mwaka 1908 mtu angekiacha kwanza. Ila hii ya sasa ni ya mabati na simiti, imejengwa kwa mkopo na pesa za chai ya miaka mingi, na majirani waliokuwa wakishikana mikono kuijenga ndio wengine walioshika kiberiti. Kupanga foleni ya pesa hizo ulihitaji jina lako liwe kwenye orodha. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, wengi walikuwa wameokoa kitambulisho.