Makandarasi na somo la kasoro zao

Na Mwandishi Wetu

MKANDARASI anayejenga ghorofa hupokea majibu kuhusu ubora wa kazi yake kwa nyakati tofauti, na muda huo ndio huamua kama atajifunza au atalipia kosa tu.

Majibu ya kwanza hupatikana palepale kazini. Kabla ya kumwagwa, zege hujazwa katika kopo la chuma lenye umbo la pia, kisha kopo likainuliwa. Zege likiporomoka kupita kiwango kilichowekwa, mara nyingi maji yamezidi, na fundi aliyelichanganya huona kwa macho yake. Vipande vya zege hilohilo hupelekwa maabara na kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28. Kipimo hiki kina uzito zaidi, ila majibu yakiwa mabaya siku ya 28, huenda nguzo za ghorofa inayofuata zimekwisha kusimama.

Majibu ya mwisho huchelewa mno. Mikataba mingi humtaka mkandarasi arekebishe kasoro katika kipindi cha matazamio, aghalabu mwaka mmoja, huku sehemu ya malipo yake ikizuiwa. Nyufa za lipu na mabomba yanayovuja hujitokeza wakati huo, lakini vibarua waliofanya kazi hiyo wamekwisha kutawanyika. Ofisi hugharimika, aliyekosea hana habari.

Singapore ilitafuta dawa ya tatizo hilo mwaka 1989 ilipoanzisha CONQUAS, mfumo wa kulipa jengo alama hadi 100 kwa muundo wake, umaliziaji, umeme na mabomba. Wakaguzi waligonga hata vigae, wakisikiliza kama chini yake pana uwazi. Alama zilitolewa kwa ukaguzi wa kwanza tu. Kurekebisha kasoro baadaye hakukuzipandisha. Mkandarasi alilazimika kujikagua mapema, mafundi wake wakiwa bado kazini.

Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja 7. Daraja huweka ukomo wa thamani ya kazi anayoruhusiwa mkandarasi. Halisemi lolote kuhusu kigae kilichobanduka. Mwenye kutaka kujenga atafanya vyema kuyatembelea majengo aliyoyakabidhi mkandarasi huyo miaka 2 au 3 iliyopita, na kuwauliza wapangaji.