Robin Hood wa Sinema na Liyongo wa Utenzi

Kila tunapofundisha Utenzi wa Fumo Liyongo, iwe Gitega au Muyinga, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kusema, "Huyu ndiye Robin Hood wa Waswahili." Hatumkatazi. Mashujaa hao wawili ni mafundi wa upinde na mshale. Wote wawili waliwindwa na wenye enzi. Wote wawili waliufanya msitu kuwa ngome yao. Lakini siku moja, huko Muyinga, tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mwanafunzi mmoja, ambaye alikuwa ameona filamu ya Robin Hood, alisema: "Ikiwa hawa wamefanana hivyo, mbona hadithi ya mmoja huishia harusini, na ya mwingine huishia kwa sindano ya mwanawe wa kumzaa?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi huyo. Ili tumjibu sawasawa, hatuna budi kuiacha sinema kwanza, turudi kwenye masimulizi ya kale ya Waingereza.

Jina la Robin Hood lilitajwa katika shairi la William Langland yapata mwaka 1377, nalo lilitajwa kama jina ambalo kila mtu amekwisha kulisikia. Masimulizi marefu yaliyokusanya visa vyake yalipigwa chapa karibu na mwaka 1500. Msomaji aliyezoea sinema akiyasoma hayo atashangaa. Robin Hood wa kale si bwana mkubwa aliyenyang'anywa mashamba yake. Ni mtu huru wa kawaida. Mpenzi wake Marian hayumo. Mfalme anayetajwa ni Edward, wala si Richard aliyekwenda vitani Mashariki ya Kati. Liwali wa Nottingham yumo, na uadui wao ni ule ule tunaoujua. Lakini hasa umo mwisho ambao watu wengi hawaujui. Robin, akiwa amedhoofika, alikwenda katika nyumba ya watawa ya Kirklees ili atolewe damu, tiba iliyokuwa ya kawaida zama hizo, mfano wa chuku tunayoijua sisi. Mkuu wa watawa wale alikuwa jamaa yake wa damu. Mwanamke yule alikuwa amekula njama na mpenzi wake, akaiacha damu itoke mpaka Robin akafa.

Basi jibu la kwanza kwa mwanafunzi wetu ni hili: Robin Hood naye aliuawa na mtu wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mabadiliko yalianza kabla ya sinema kuzaliwa. Mwaka 1521 mwanahistoria John Major, mtu wa Scotland, alimweka Robin katika zama za Mfalme Richard. Mwaka 1598 mtunzi wa michezo ya kuigiza, Anthony Munday, alimpandisha cheo akawa lodi wa Huntingdon. Mwishoni mwa mwaka 1819 riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe ilimtia katika ugomvi wa Wasaksoni na Wanormani, ikamwonyesha akiupasua mshale wa mpinzani wake kwa mshale wake mwenyewe. Sinema ilipokuja, vitu hivi vyote vilikuwa tayari ghalani. Kazi yake ilikuwa kuchagua.

Nayo ilichagua mapema. Filamu fupi isiyo na sauti ilitengenezwa Uingereza mwaka 1908. Mwaka 1922 Douglas Fairbanks alimwigiza Robin katika filamu kubwa ya Marekani, akaruka na kupanda kuta kama mwanasarakasi. Mwaka 1938 ikatoka ile ya rangi iliyomtia Errol Flynn katika kumbukumbu za watu wa mataifa mengi. Katika hiyo, mshale unapasuliwa, Mfalme Richard anarudi kutoka safarini, madhalimu wanafukuzwa, na mfalme mwenyewe anamwoza Robin kwa Marian. Filamu ya katuni ya mwaka 1973, ambamo Robin ni mbweha, ilishika njia hiyo hiyo: mfalme mwema anarudi, kisha harusi.

Tuutazame vizuri mwisho huu, maana ndani yake mna fundisho lililofichwa. Unatuambia kwamba dhuluma hutoka kwa naibu, wala haitoki kwenye kiti chenyewe. Kwamba mwenye kiti akirudi mambo yote yatanyooka. Na kwamba adui wa shujaa daima yuko nje, amevaa mavazi ya liwali. Fundisho hilo latuliza moyo. Ila silo lililokuwamo katika masimulizi ya kale, ambamo Robin, hata baada ya kusamehewa na mfalme, aliyachoka maisha ya ikulu akarudi msituni.

Wapo waliojaribu kuurudisha uchungu wa hadithi. Kati ya mwaka 1955 na 1960 televisheni ya Uingereza ilionyesha mfululizo wa visa 143 vya Robin Hood, mwigizaji wake akiwa Richard Greene. Mwenye kuusimamia, Hannah Weinstein, aliwaajiri kwa siri waandishi wa Kimarekani walionyimwa kazi kwao kwa sababu ya siasa zao. Mmoja wao, Ring Lardner Jr., mwaka 1950 alikuwa amefungwa gerezani kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya bunge kuhusu siasa zake. Waandishi hao walitumia majina ya bandia, kwa kuwa majina yao ya kweli yalikuwa yametajwa mbele ya wakubwa na watu waliofanya kazi pamoja nao. Si ajabu, basi, kwamba katika visa walivyoviandika wamo wapelelezi na watoa habari wanaowauza wenzao. Watoto walidhani wanatazama michezo ya mishale. Waandishi walikuwa wakisimulia yaliyowapata.

Kisha mwaka 1976 ilitoka filamu ya Robin na Marian, iliyoongozwa na Richard Lester. Humo Robin, aliyeigizwa na Sean Connery, ni mtu mzima mwenye mvi. Marian amekuwa mkuu wa watawa wa Kirklees, naye ndiye anayempa sumu, akainywa yeye pia. Ni moja ya filamu chache zilizothubutu kukirudisha kifo kile, ingawa zilikigeuza kuwa tendo la mapenzi. Miaka 15 baadaye, katika filamu ya mwaka 1991 ambayo Robin wake ni Kevin Costner, Connery huyo huyo alitokea mwishoni akiwa Mfalme Richard, amekuja kubariki harusi. Aliyekufa akiwa mwasi alirudi akiwa mfalme! Hatujui mfano mwepesi zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi skrini inavyoyageuza masimulizi.

Sasa tumrejee Liyongo. Katika utenzi uliotungwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo kwa nguvu zake na kwa kupendwa kwake. Wanapanga kumpiga mishale akiwa juu ya mkoma. Yeye anayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Wanamfunga, mama yake anamletea tupa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi wanaudharau, naye anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikivuma. Lakini mwisho mtawala anamtafuta mwana wa Liyongo, anamwahidi cheo na mke, na mwana anamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba anajua anachoulizwa, na bado anajibu: sindano ya shaba kitovuni. Hapana mfalme mwema anayerudi kutoka safarini. Mfalme ndiye aliyenunua, na mwana ndiye aliyeuza.

Sisi tunaofundisha Burundi twajua kwamba jambo hili si la vitabuni tu. Nchi hii ilikuwa na wafalme hadi mwaka 1966, na katika masimulizi yake yumo Samandari, mtu wa kawaida aliyewaambia wakubwa ukweli kwa mzaha. Nchi hii pia iliyaona ya mwaka 1972 na ya mwaka 1993, jirani akimwogopa jirani. Baadhi ya wanafunzi wetu ni watoto wa walionusurika. Mtoto wa namna hiyo akiuliza kwa nini mwana alimchoma baba yake, huenda hamwulizii Liyongo peke yake. Mwalimu akimharakisha kwenda harusini, kama sinema ifanyavyo, atakuwa amemnyima mahali pa kuliwekea swali lake.

Hatusemi kwamba filamu zitupwe. Tunasema mwalimu asizikabidhi darasa. Tanzania alisifika mfasiri wa filamu aitwaye Lufufu, ambaye aliwasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili na kutia maneno yake mwenyewe. Mwalimu naye aweza kusimama hivyo kando ya skrini. Kwanza, awaulize wanafunzi nani anasimulia, na kwa faida ya nani. Pili, awasimulie kifo cha Kirklees na kifo cha sindano, kisha awape kazi ya kuandika kwa Kiswahili ule mwisho ambao filamu imeukata. Tatu, awatume kwa wazee wao wakakusanye visa vya Samandari, wavilete darasani na kuvifasiri.

Burundi ilipata filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1992, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo. Huenda mmoja wa wanafunzi wetu wa Gitega au Muyinga akaja kumtia Liyongo au Samandari katika filamu. Siku hiyo tutatazama mambo mengi: mavazi, muziki, lugha. Lakini kwanza tutatazama kama sindano imo.