Kisukari cha pili, au kisukari kitokanacho?

Kisukari ni jina lililoundwa kwa kuweka ki- mbele ya sukari, neno lenye asili ya Kiarabu. Toka milima ya Umatengo yenye kahawa hadi Mbamba Bay na Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, husikika zaidi "ana sukari" au "sukari imempanda", na kila msikilizaji huelewa.

Ugumu huanzia kwenye namba. Kisukari aina ya pili ni kile ambacho mwili hauitikii insulini ipasavyo. "Kisukari cha pili" husikika kama jina lilelile. Likitumiwa kwa kisukari kilicholetwa na jambo jingine, mathalani kongosho lililoharibika au dawa ya prednisoloni iliyomezwa muda mrefu, linapotosha vibaya. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, aina ya kwanza ni E10, ya pili E11, na hiki kilicholetwa huingia E13, huku dawa iliyokisababisha ikipewa msimbo wake. Marekani hukigawa zaidi: E08 kwa maradhi, E09 kwa dawa.

Mganga akiandika "kisukari cha pili" katika mstari mwembamba wa rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), atakayeweka misimbo ataandika E11, na habari ya kongosho itapotea. "Kisukari kitokanacho" ni kirefu, lakini ndicho kinachofaa, kwa kuwa hakikamiliki mpaka chanzo kitajwe: kisukari kitokanacho na prednisoloni.