Charles Keenja na Tume ya Jiji: miaka minne Dar es Salaam bila madiwani

MWAKA 1991 malori ya taka ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam yalianza kuelekea kaskazini. Yalifuata Barabara ya Bagamoyo, yakapita Mwenge na kumwaga shehena yake Kunduchi Mtongani, yapata kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Wakazi wa hapo hawakuwa wameulizwa. Moshi, nzi na harufu viliingia majumbani mwao, na eneo lenyewe lilikuwa limepangwa kuwa la makazi katika ramani kuu ya mji.

Sababu ya malori hayo kubadili njia ilikuwa hukumu. Kwa miaka mingi taka za jiji zilitupwa Tabata, na wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda mwaka 1988. Halmashauri iliomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Ilipobanwa, haikujenga dampo la kisasa. Ilihamisha kero kutoka Tabata na kuipeleka pwani.

Watu wa Mtongani nao walikwenda mahakamani. Shauri lao, Namba 90 la mwaka 1991, lilifunguliwa na mkazi mmoja pamoja na wenzake 794. Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa kutupa taka hapo, ikaipiga marufuku Halmashauri kuendelea, na ikaiamuru itafute mahali panapofaa. Katika hoja zake, Mahakama ilirejea Ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Shauri hilo bado linafundishwa kwa wanafunzi wa sheria ya mazingira nchini. Malori yakahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Katika visa vyote viwili, aliyeshitakiwa ni chombo kilichoundwa na madiwani, yaani wawakilishi wa watu wale wale waliokuwa wakilalamika. Bila kulizingatia hilo ni vigumu kuelewa kwa nini, miaka mitano baadaye, Serikali ilipowaondoa madiwani wa jiji zima, wakazi wengi hawakuwasikitikia.

Jiji lililomshinda mwenyewe

Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji mwezi Desemba 1961, mara tu baada ya Uhuru. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1960, ilikuwa imempata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanazuoni mzaliwa wa Ujiji. Baraza lake halikudumu katika sura ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilifuta serikali za mitaa nchini kote kwa jina la madaraka mikoani, na shughuli za jiji zikawekwa chini ya viongozi walioteuliwa. Matokeo yake yalionekana upesi: mitaro iliziba, barabara zikachakaa, na mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirejeshwe. Sheria Namba 8 ya mwaka 1982, inayohusu mamlaka za miji, ndiyo iliyoweka mfumo unaotumika hadi leo, pamoja na marekebisho yake.

Halmashauri iliyorejeshwa iliukuta mji mwingine. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu 1,360,850 katika Mkoa wa Dar es Salaam; ile ya mwaka 2002 ikahesabu 2,487,288. Sehemu kubwa ya wakazi hao walijenga katika maeneo yasiyopimwa, kama vile Manzese, Hanna Nassif na Vingunguti, ambako hapakuwa na barabara wala mtaro. Ilikadiriwa kuwa mwaka 1992 taka zilizozolewa hazikufika hata asilimia tano ya zile zilizozalishwa kila siku. Mwaka huo ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa, na wadau walipokutanishwa kutaja kero za jiji, taka ngumu ziliwekwa mbele ya zote.

Mwaka 1994 kampuni moja binafsi ilipewa kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya mji. Lilikuwa jaribio dogo. Ndani ya Baraza lenyewe, hata hivyo, migogoro ilikuwa imeshika kasi, na wananchi walizoea kusikia habari za viwanja vya wazi kugawiwa na mapato kupotea. Juni 1996 Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, ambaye ofisi yake ndiyo iliyosimamia serikali za mitaa, alilivunja Baraza hilo. Pahala pake pakawekwa Tume ya Jiji, na mwenyekiti wake akawa Charles Keenja.

Tume ya Keenja

Keenja hakuchaguliwa na mtu. Hakuwa na kata, hakuwa na wapiga kura wa kuwaogopa mwaka wa uchaguzi, na makamishna wenzake walikuwa hivyo hivyo. Huo ndio uliokuwa uwezo wa Tume, na ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

Kazi iliyoonekana mapema ilikuwa usafi. Tume ilichukua jaribio la mwaka 1994 na kulipanua, ikaingia mikataba na kampuni nyingine na baadaye na vikundi vya wakazi, vikiwamo vya kina mama na vijana, kila kimoja kikipewa kata au sehemu ya kata. Utaratibu ulikuwa rahisi kuuelewa: mzoaji analipwa na kaya moja kwa moja kwa kiwango kilichowekwa, naye anailipa Tume ada ya kumwaga dampo. Katika kata zenye maduka na ofisi mpango ulikwenda vizuri. Uswahilini mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani wengi walikataa kulipia huduma waliyoona ni wajibu wa Serikali, na gari la taka halikuweza kupenya vichochoro. Mkokoteni ndio uliofanya kazi hiyo, na hadi leo bado unaifanya.

Mabasi ya mikoani ni jambo la pili ambalo wakazi wa umri wa makamo hawajalisahau. Kabla ya mwaka 1999 yalijazana katikati ya mji, Kisutu na Mnazi Mmoja, na msafiri aliyefika usiku alishuka katikati ya vibaka. Tume ilijenga Kituo cha Mabasi Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, ikayahamishia huko. Kituo hicho kikawa pia chanzo kikubwa cha mapato ya jiji kwa miongo miwili iliyofuata.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikuja katikati ya kazi hiyo na kuharibu barabara ambazo baadhi zilikuwa ndiyo kwanza zimetengenezwa. Ni wakati huo ambapo thamani ya kazi iliyofanyika Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, ilidhihirika. Mtaa huo uko bondeni jirani na Mto Msimbazi, na mafuriko yalikuwa sehemu ya maisha yake. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine walichimba mitaro na kutengeneza barabara kwa mikono yao, wakilipwa ujira na chama chao kikiwa mkandarasi. Kazi hiyo ilianza kabla ya Tume kuzaliwa na ikaendelea chini yake hadi mwaka 2000. Si haki kumpa Keenja sifa ya Hanna Nassif, ingawa mara nyingi hupewa. Sifa yake ni kwamba Tume haikuuvuruga mradi ulioukuta ukienda vizuri, jambo ambalo si la kawaida katika utumishi wa umma.

Upande wa pili wa sura hiyo unasimuliwa na wamachinga na mama lishe. Tume ilibomoa vibanda na magenge kandokando ya barabara, na biashara ndogo zikasukumwa kwenda kwenye maeneo ambayo wateja hawakupita. Aliyebomolewa kibanda chake mwaka 1997 hakuwa na diwani wa kumwendea. Angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, lakini mwenyekiti wa mtaa hakuwa na kikao cha juu cha kulifikisha jambo hilo. Wakosoaji wa Tume waliuliza swali ambalo halikupata jibu zuri: iwapo walipa kodi wa jiji hawana mwakilishi hata mmoja katika chombo kinachopanga matumizi ya kodi hiyo, ni nani wa kukiambia kimekosea?

Kurudi kwa madiwani

Tume ilimaliza muda wake mwaka 2000. Badala ya kurejesha halmashauri moja, Serikali iliunda manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikaweka Halmashauri ya Jiji yenye kazi za uratibu, yakiwamo madampo na Kituo cha Ubungo. Uchaguzi wa mwaka huo uliwarudisha madiwani, na Kleist Sykes, wa ukoo maarufu wa Sykes uliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa siasa za TANU jijini, akawa Meya wa Jiji. Alifuatwa na Adam Kimbisa mwaka 2005, Didas Massaburi mwaka 2010 na Isaya Mwita mwaka 2016.

Keenja naye aliingia katika siasa za kuchaguliwa mwaka huo huo wa 2000. Aligombea ubunge wa Ubungo kwa tiketi ya CCM na kushinda, na Rais Benjamin Mkapa akamteua kuwa Waziri wa Kilimo na Chakula, wadhifa alioushika hadi mwaka 2005. Alitetea kiti chake mwaka 2005 dhidi ya kijana wa CHADEMA, John Mnyika, akakihifadhi. Mnyika alikuja kukitwaa mwaka 2010, Keenja akiwa si mgombea tena.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau: mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake kwa mujibu wa sheria. Hivyo mtu aliyeliongoza jiji kwa miaka minne bila madiwani alitumia miaka kumi iliyofuata akiwa mjumbe wa Baraza la Manispaa ya Kinondoni, mwenye kura moja kama diwani wa Manzese au wa Kunduchi.

Kaskazini mwa manispaa hiyo, kwenye pwani ile ile ya Mtongani, mji ulikuwa ukikimbia. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, na baadhi ya viwanja hivyo vilipimwa Bunju, Boko, Mivumoni na Mbweni. Mashamba ya minazi na mikorosho yaligeuka vitalu vyenye namba. Wenye mashamba walilipwa fidia, wengi wao wakahama mbali zaidi. Upimaji ulitangulia huduma, na familia zilihamia Bunju zikisubiri maji na barabara kwa miaka. Ukivuka Mto Mpiji unaingia Mkoa wa Pwani, katika Wilaya ya Bagamoyo, na huko Mapinga na Kerege hali ilijirudia bila hata mradi: mwenye shamba aliuza robo eka, mnunuzi kutoka Dar es Salaam akajenga, na diwani wa kata akabaki akiombwa njia ya kupita gari katika ardhi ambayo tayari ina ukuta.

Diwani wa leo ana nyenzo chache kuliko aliyeingia mwaka 2000. Kodi ya maendeleo, maarufu kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Barabara za mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mwananchi anayemlaumu diwani wake kwa shimo la barabarani mara nyingi anamlaumu mtu asiye na fungu wala greda, na madiwani wenyewe wamelisema hilo katika vikao vingi.

Jiji lenyewe lilibadilika tena. Wilaya mpya za Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke, zikapata manispaa zao. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa maelezo kwamba madiwani wake hawakuwa na eneo lao la utawala bali walitoka katika manispaa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Safari hii hapakuundwa tume. Mwezi huo huo kilizinduliwa kituo kipya cha mabasi Mbezi Luis, na kile cha Ubungo, kilichojengwa na Tume ya Keenja, kikamaliza kazi yake.